Ziwa Letu na Gesi Iliyofichwa Chini

Hapa Ibanda, toka Nguba mpaka Muhumba, tunaishi uso kwa uso na Ziwa Kivu. Vijana wanauliza mara mingi: "Ni kweli siku moja ziwa litapasuka?" Ulizo hili linaomba jibu la wazi, si la kutia watu woga bure.

Chini ya ziwa kuko gesi mbili. Ya kwanza ni gesi ya kaboni, ileile tunayotoa kwa pumzi. Kama ingepanda yote, ingejaza karibu kilomita za ujazo 300. Ya pili ni metani, karibu 60.

Sababu gani haitoki? Fikiri chupa ya Fanta. Kizibo kikifungwa, hauoni povu. Ukifungua, linapanda mbio. Kizibo cha ziwa ni uzito wa maji. Kule kwenye kina kikubwa linafika mita 485, na maji ya chini yana chumvi mingi, ni mazito, hayapandi kuchanganyika na ya juu. Maji ya juu yenyewe yanatoa gesi ya kaboni kidogo kidogo, na upepo unaitawanya. Hiyo haiui mtu.

Lakini hatari si hadisi. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos kule Kameruni lilitoa gesi yake usiku, na watu karibu 1,700 walikufa. Ziwa Kivu ni kubwa kupita lile mara mingi sana. Hata hivyo, gesi yake haijajaa mpaka kiasi cha kufurika. Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani, na gesi ya chini haikuinuka. Tena, upande wetu wa Bukavu maji hayana kina kirefu. Gesi mingi iko katikati na kaskazini. Wanyarwanda nao wanaivuta metani: kiwanda cha KivuWatt kinatoa umeme wa megawati 26.

Basi, tuogope nini? Tuogope gesi inayoua sasa, ile watu wa Goma na Sake wanaita mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka udongoni. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala mabondeni, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mbuzi na mtoto mdogo wanaanguka mbele, sababu pua zao ziko karibu na chini. Mzazi, usiache mtoto acheze mule.

Nanyi wachimbaji, shimo refu lisilopitisha hewa linaweza kukusanya gesi vilevile. Kichwa kikiuma, pumzi ikienda mbio, panda juu mara moja. Na ukiona ndugu ameanguka ndani, usishuke kumfuata. Ita watu, ingizeni hewa kwanza, mvuteni kwa kamba. Wengi wamekufa wawili watatu katika shimo moja, kwa kufuatana.