Basi la Injini Nyuma Likichemsha, Anza na Hewa

Gari likichemsha, sisi hutafuta maji. Dereva anasimama, utingo anaruka na dumu, na mtoto wa jirani anatumwa mtoni. Kwa gari lenye injini mbele desturi hiyo ina mantiki yake, maana mara nyingi maji yamepungua kweli. Kwa gari lenye injini nyuma, hasa basi lililogeuzwa nyumba ya kusafiria, naomba dumu liwekwe chini kwanza. Mengi ya namna hiyo niliyoyafungua hapa Lufingo yalikuwa na maji ya kutosha siku yalipoanza kuchemsha. Yalichokosa ni hewa.

Mwaka jana, masika yakiishia, lililetwa moja. Zamani lilikuwa basi la watalii. Viti vilikuwa vimeng'olewa, pakawekwa kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 300 na choo kidogo. Wenyewe ni mzee mstaafu na mkewe, walikuwa wametoka kutembea Malawi na kuvuka Kasumulu asubuhi ile. Hadi Tukuyu walikuwa wamechemsha mara tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Hili jumba linanitia aibu barabarani. Nimeongeza ndoo tatu tangu Ibililo, na sioni maji yanapovujia."

"Mmeshabadilisha nini?"

"Uliza ambacho hatujabadilisha," akajibu mama kutoka mlangoni.

Pampu ya maji ilikuwa mpya. Rejeta ilikuwa imezibuliwa na fundi rejeta, tena kwa bei ya mjini. Themostati ilikuwa imetolewa kabisa, kwa ule ushauri unaopatikana kila karakana: "itoe tu, maji yapite vizuri." Nitarudi kwenye themostati, maana ina kesi yake.

Kabla ya kulaumu basi, tuupe mlima haki yake. Ziwa Nyasa liko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kutoka kule chini hadi Isongole, kabla barabara haijashukia Uyole, gari hupanda zaidi ya mita 1,500. Basi lenye tani 12 likipandishwa kimo hicho, joto linaloingia kwenye maji ya injini linatosha kuchemsha mapipa mawili ya lita 200, tangu ubaridi wa maji ya mto hadi yatokote. Hapo sijahesabu moto unaotoka na moshi kwenye ekzosi. Joto lote hilo lazima lipite kwenye rejeta moja isiyozidi ukubwa wa meza ya chakula, likabidhiwe kwa hewa.

Na hewa yenyewe huku juu ni nyepesi. Ukivuka mita 2,000, feni ikizunguka vilevile inasukuma hewa yenye uzito pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Ndiyo maana gari lililotamba Chalinze linaumbuka Rungwe, na mwenyewe anaapa kwamba halijawahi kumsumbua. Anasema kweli.

Sasa tazama mahali rejeta ilipo. Gari la injini mbele hukimbia likiwa limetanguliza pua. Upepo unaingia wenyewe hata feni ikizembea. Kwenye basi la injini nyuma, rejeta nyingi hukaa ubavuni, nyuma ya tairi la nyuma. Pale hakuna upepo wa kuja wenyewe. Pana vumbi la tairi, matope, na hewa inayozunguka ovyo nyuma ya bodi. Kazi yote ni ya feni, na feni haichagui: inavuta hewa iliyo karibu. Ikiwa iliyo karibu ni ile iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kutoka na moto, itaivuta hiyohiyo tena. Injini inakuwa kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi, anapumua pumzi yake mwenyewe.

Kwa hiyo sikuanza na spana. Nilianza na kipima joto cha bastola, kile cha kulenga na kusoma, ambacho siku hizi hata vijana wa bodaboda wanacho. Nina onyo moja kuhusu kifaa hicho: ukilenga chuma kinachong'aa kitakudanganya. Lenga mpira, au bandika kipande cha utepe mweusi kwenye chuma, ulenge hapo. Kwanza nilihakikisha gasketi ya silinda hedi haijaungua. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, uchungulie. Mapovu yakipanda mfululizo bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na hayo ni matibabu mengine kabisa. Hapakuwa na mapovu.

Tukalipandisha basi kilima cha karibu na kurudi, likiwa na mzigo wake wote. Niliporudi nikapima mipira miwili ya rejeta. Unaoingiza maji ya moto ulisoma nyuzi 98. Unaoyarudisha kwenye injini ulisoma 94. Hapo ndipo ugonjwa ulipojitaja. Kama maji yangekuwa hayazunguki, kwa pampu mbovu au rejeta iliyoziba ndani, tofauti ingekuwa kubwa: upande mmoja unaunguza, wa pili ni vuguvugu, kwa sababu maji machache yanakaa sana ndani ya rejeta. Tofauti ndogo, pande zote mbili zikiwa moto, maana yake maji yanapita vizuri ila hayapati wa kumkabidhi joto.

Nikapima hewa mlangoni mwa rejeta. Nje, kivulini mwa migomba, ilikuwa nyuzi 21. Iliyokuwa ikiingia kwenye rejeta ilikuwa 46.

Mzee akauliza hiyo 46 imetoka wapi. Tukaitafuta pamoja, tochi mkononi. Kiwandani, kila basi la namna hii huwekewa kuta za bati na sponji nene kuzunguka rejeta, ili hewa ya nje iingie upande mmoja tu na ya moto isipate njia ya kurudi. Waliolijenga nyumba walikuwa wamekata ukuta mmoja kupitisha bomba la maji machafu. Sponji ilikuwa imeoza ikaanguka, na hakuna aliyejua kazi yake, kwa hiyo hakuna aliyeirudisha. Mlango wa nyuma ulikuwa na matundu ya kutolea joto. Nusu yake ilikuwa imezibwa kwa ubao, kwa ndani, kwa sababu upande ule palitengenezwa kabati la vyombo. Hewa ya moto ilikosa mlango wa kutokea, ikarudi ilikotoka.

Kulikuwa na la pili. Kati ya rejeta na intakula, yaani kile kipozaji cha hewa ya tabo, kuna upenyo usiozidi upana wa vidole vinne. Nikaingiza waya uliopinda, nikatoa kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Ni mvuke wa oili kutoka kwenye injini, uliokutana na vumbi la barabarani na manyoya ya mbegu za majani, ukajisokota miaka kadhaa. Kwa nje rejeta ilimetameta, maana fundi rejeta aliiosha kwa nje. Hakutenganisha vitu viwili. Ukimpelekea mtu kazi hii, mwambie kwa mdomo wako: tenganisha rejeta na intakula, mwaga sabuni ya kukata mafuta, iache ilowe, kisha osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa feni kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza zile nyavu nyembamba, na rejeta iliyolazwa nyavu ni ukuta.

Kuta tulizitengeneza kwa bati tambarare, na mahali pa sponji tukapigilia vipande vya mpira wa tyubu ya lori. Sponji ya godoro usithubutu. Karibu na ekzosi ni kiberiti. Kabati la vyombo tulilihamisha, mama akiwa msimamizi, na hakuridhika na mahali papya hadi mara ya tatu.

Jaribio la gazeti halina gharama, na ningependa kila mwenye gari la namna hii alifanye leo. Egesha, washa, injini ishike joto, mtu aongeze mafuta kidogo. Weka ukurasa wa gazeti kwenye matundu ya rejeta kwa nje. Ukinata wenyewe na kukaa, feni inavuta. Ukidondoka, angalia mkanda wa feni kama umelegea. Kama feni yako inasukumwa na oili ya haidroliki, angalia kiasi cha oili na filta yake. Niliwahi kukuta feni iliyofungwa kinyume baada ya matengenezo. Ilizunguka kwa bidii, ikitupa hewa upande usiofaa.

Sasa themostati. Watu huiona kama kizuizi cha maji, na ni kweli inazuia, lakini kwenye injini nyingi kubwa za dizeli ina kazi mbili. Ikifikisha nyuzi 82 hadi 88 hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na wakati huohuo hufunga kijia cha mkato kinachorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, kijia cha mkato kinabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, haionji rejeta kamwe. Yaani tiba ile ya bure inaongeza ugonjwa. Tulimrudishia mzee themostati mpya, akainunua kwa mashaka.

Zile ndoo tatu zilizopotea bila kuvuja zilipitia kwenye mfuniko. Kwenye kimo cha Isongole maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Mfuniko mzuri wenye shinikizo la baa 0.9 unayashikilia hadi kama 115. Mpira wa mfuniko wa mzee ulikuwa umekakamaa kama kipande cha soli, kwa hiyo alikuwa akipanda mlima na sufuria lisilo na kifuniko. Alinyang'anywa zaidi ya nyuzi 20 na kitu kinachouzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Wazee waliowahi kuendesha Kombi watakuwa wanatabasamu. Volkswagen ile, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, injini yake ilikaa nyuma na haikuwa na maji hata tone; ilipozwa kwa hewa tupu. Kuzunguka injini palikuwa na utepe wa mpira uliotenga hewa baridi ya juu na moto wa chini. Aliyeutupa utepe ule akidhani ni pambo aliiua injini yake. Kombi za baadaye zilipewa maji, rejeta ikawekwa mbele kabisa na injini ikabaki nyuma. Afrika Kusini walizitengeneza hadi 2002, na bado unaziona zikipanda kutoka Malawi na mahema juu. Hizo ugonjwa wake ni mwingine: mabomba marefu chini ya sakafu hukamata hewa, na hewa ikikwama maji hayapiti. Dawa ni kuinua pua ya gari wakati wa kujaza maji, ili hewa ipande hadi kwenye rejeta itolewe huko. Huku kwetu jeki haihitajiki. Liegeshe likitazama mlimani.

Tusisahau kushuka. Madereva wengi wanashangaa mshale ukipanda kwenye mteremko wa kwenda Kyela, injini ikiwa haifanyi kazi. Mabasi yenye ritada ya oili, yaani kile kisaidizi cha breki, humwaga joto lote la kufunga breki kwenye maji yaleyale ya injini. Ukishuka na gia kubwa injini ikisinzia, pampu na feni navyo vinasinzia. Weka gia ndogo, injini ilie. Na wakati wa kupanda ni hivyohivyo: usikamue gia kubwa kwa kuona aibu ya kupitwa na Noah.

Ukichemsha hata hivyo, simama ila usizime papo hapo, mradi maji bado yamo. Acha injini izunguke dakika tatu hadi tano juu kidogo ya mzunguko wa kawaida, feni ifanye kazi yake. Mfuniko usiuguse hadi mpira wa rejeta ubonyee chini ya kidole. Usimwage maji ya baridi kwenye injini iliyowaka; hedi hupasuka kwa sauti utakayoikumbuka. Maji ya mto ni ya dharura tu, kwa sababu ya mchanga na kutu. Ukifika, yamwage, ujaze kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni. Ina utamu, na ndama akiilamba hafiki kesho kutwa. Katika wilaya inayoishi kwa maziwa, hilo si jambo dogo.

Mzee alinipigia simu akiwa Uyole. Isongole walipita mvua ikinyesha, mshale ukasimama kwenye 88, mama akiwa amelala kitandani nyuma. Pampu ya maji ya zamani, ile iliyotolewa mwanzo kabisa, alikuwa ameiacha kwangu niitazame. Nimeizungusha, nimeangalia beringi na mapezi yake. Ni nzima.