Je, Wajua? Vidonge vya Hesabu

Mwaka 1931, jimboni Rhode Island, Marekani, ilifunguliwa hospitali ya watoto wenye matatizo ya akili na mishipa ya fahamu. Ilipewa jina la Emma Pendleton Bradley, aliyepata ulemavu baada ya homa ya ubongo akiwa na miaka 7. Wazazi wake ndio walioacha mali ya kuianzisha.

Humo Dkt. Charles Bradley aliwapa watoto dawa iitwayo Benzedrine, akitumaini kutuliza maumivu ya kichwa yaliyofuata kipimo cha ubongo. Kichwa hakikupona sana. Kilichobadilika ni mwenendo: watoto watukutu walitulia, na darasani wakashika masomo hata wenyewe wakaiita dawa hiyo vidonge vya hesabu. Mwaka 1937 alichapisha matokeo ya watoto 30. Karibu nusu walikuwa wameendelea vizuri mno shuleni.

Hadi leo dawa za jamii ya Benzedrine wanazopewa watoto hutegemea sana jicho la muuguzi. Hupunguza hamu ya kula, ndiyo maana mara nyingi mtoto hupewa baada ya kifungua kinywa. Zikichelewa hadi jioni, usingizi hupaa. Hivyo muuguzi humpima uzito, kimo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu, kisha humuuliza mama: anakula? Analala? Maswali hayo yanastahili heshima ileile ya cheti cha dawa, kwa kuwa majibu yake ndiyo humwonyesha daktari kama kipimo cha dawa kipunguzwe.