Mnunuzi Asiwe Hakimu wa Bei

Hivi karibuni ndugu mmoja mfanyakazi alitujia na shauri ambalo twaona lafaa kuzungumzwa mbele ya wasomaji wetu wote. Mzee wao amefariki dunia, na miongoni mwa vitu alivyoacha ni bunduki ya upepo ya miaka mingi, ambayo kila mtoto wa nyumba ile aliikuta imetundikwa ukutani. Kabla matanga hayajaanuliwa akafika mfanyabiashara mmoja, akaitazama, akasema kwamba ni chuma chakavu kisicho na thamani, lakini kwa kuwahurumia wafiwa yeye yu tayari kukichukua kwa fedha kidogo. Kaka mkubwa alikwisha nyosha mkono apokee. Dada yao akamzuia, akauliza: ikiwa hakina thamani, mbona bwana huyu anakitaka hata kabla hatujamaliza kulia?

Sisi twaona dada yule alinena neno la haki. Anayenunua hawezi kuwa hakimu wa bei, kwa maana faida yake ni kuishusha. Mtu asiyejua alichonacho hunyang'anywa huku akishukuru. Dawa ya unyonyaji wa namna hiyo si ugomvi, bali ni maarifa.

Jambo la kwanza ni sheria. Bunduki ya upepo haina baruti: kamani iliyobanwa huachiwa, ikasukuma pistoni, na upepo uliokandamizwa ukatoa kirisasi kidogo, mara nyingi cha milimita 4.5 au 5.5. Lakini kirisasi hicho hutoboa jicho, na kimepata kuua. Kwa hiyo mrithi asifikiri kwamba ni mchezo wa watoto. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kuuza, kununua au kuihamisha, warithi na waende kituo cha polisi, bila kuibeba bunduki yenyewe, waulize lipi linatakiwa. Bei nzuri haimfai mtu aliyefikishwa mahakamani.

Jambo la pili ni kujua imetoka wapi. Bunduki ya nyumba ile ina herufi BSA na alama ya bunduki tatu zilizoegemezana. Wazee wetu walizijua herufi hizo kwa baiskeli na pikipiki. Ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza, nayo ilianza kuunda bunduki za upepo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ubunifu wa fundi Lincoln Jeffries wa mji huo huo. Zile za kabla ya vita iliyoanza mwaka 1939, ambazo hukazwa kwa wenzo ulio chini ya kasiba, hutafutwa sana na wakusanyaji wa vitu vya kale. Lakini BSA aina ya Meteor, iliyotolewa mwaka 1959 na ambayo hukazwa kwa kuvunjwa kasiba, iliundwa kwa wingi kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo bei yake ni ya chini. Jina ni moja, thamani ni mbali mbali.

Tena jina peke yake laweza kumpoteza mtu. Alama ya Diana ilikuwa ya kiwanda cha mji wa Rastatt, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1890. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitambo na jina vilipelekwa Uingereza, na bunduki zenye jina hilo zikaundwa Motherwell, Scotland, huku Wajerumani waliporudia kazi wakilazimika kuziuza zao huko kwa jina jingine. Basi yafaa kuandika maneno yote yaliyochorwa kwenye chuma, na namba ya kiwandani, herufi kwa herufi.

Jambo la tatu ni hali yake. Hapa ndipo wengi huharibu mali yao kwa nia njema. Mdogo wao katika nyumba ile alikuwa amekwisha nunua msasa na vanishi ili aing'arishe bunduki ipate kuuzika. Twashukuru kwamba hakuwahi. Mkusanyaji hutaka rangi ya kwanza ya chuma, mbao za kwanza na skrubu za kwanza, hata zikiwa zimechakaa. Aliyesugua kwa msasa ameondoa kile ambacho mnunuzi alikuwa tayari kukilipia. Kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa nje, chatosha kuzuia kutu. Wala isifyatuliwe bila kirisasi, kwani pistoni hujigonga na kuvunja kamani. Wala mafuta yasimiminwe ndani, kwani joto la upepo unaokandamizwa laweza kuyawasha.

Baada ya hayo ndipo bei iulizwe. Isiulizwe kwa mtu mmoja, bali kwa watatu au zaidi, na awepo mmoja asiyetaka kununua. Bei anayoitaja muuzaji ni tamaa yake. Bei iliyolipwa mnadani ndiyo ushahidi. Nasi hatupendi kuwadanganya wasomaji wetu: bunduki nyingi za namna hii hazimtajirishi mtu. Lakini kidogo kinachojulikana na warithi wote ni bora kuliko kikubwa alichokiuza mmoja gizani.

Mwisho, ipo thamani isiyopigwa mnada. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba mwaka 1940 mabomu yaliangukia kiwanda cha BSA huko Birmingham, wakafa wafanyakazi 53. Vitu vilivyotoka katika viwanda kama kile vimebeba jasho la watu ambao majina yao hayakuchorwa popote. Vivyo hivyo mzee aliyeitunza bunduki ile kwa mshahara wake hakuchora jina lake. Watoto wake ndio watakaoandika ni lini aliipata, wapi, na aliitumiaje. Karatasi hiyo huongeza bei kwa mnunuzi, na kwa wajukuu ni urithi wenyewe.

Tumeambiwa kwamba ndugu hao watatu sasa wamekubaliana kukaa pamoja kabla ya kuamua kuuza au kuitunza. Uamuzi ni wao. Twawaomba jambo moja tu: siku watakapoamua, wawe wanakijua wanachokitoa.