Damu baada ya kukoma hedhi si jambo la kupuuza

MWANAMKE aliyekwisha kukoma hedhi kwa mwaka mzima au zaidi akiona damu, hata tone moja, asidhani kuwa siku zake zimerejea. Huenda ni dalili ya kuongezeka unene kupita kiasi kwa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, hali ambayo kitaalamu huitwa haipaplasia ya endometria.

Hali hiyo si saratani, lakini isipotibiwa huweza kugeuka kuwa saratani.

Kwa kawaida ukuta huo hujengwa kila mwezi na homoni ya estrojeni. Yai likishapevuka, homoni nyingine, projesteroni, huuzuia usiendelee kukua. Mimba isipotunga, ukuta humomonyoka na kutoka kama hedhi. Tatizo huanza pale estrojeni inapofanya kazi peke yake kwa muda mrefu, bila projesteroni ya kuidhibiti.

Walio hatarini

Wa kwanza ni wanawake wanene kupita kiasi. Mafuta ya mwilini hutengeneza estrojeni hata baada ya ovari kuacha kazi. Hivyo unene ambao wengi huuhesabu kuwa ishara ya maisha mazuri huweza kuwa chanzo cha maradhi.

Wapo pia ambao mayai yao hayapevuki kila mwezi, wakiwamo wenye vivimbe vidogo vingi kwenye ovari na wanaokaribia kukoma hedhi. Wengine ni wasiowahi kuzaa, waliovunja ungo mapema, waliochelewa kukoma hedhi na wenye kisukari.

Dawa nazo huchangia. Wanaotumia estrojeni pekee kupunguza adha za kukoma hedhi, au tamoksifeni kwa saratani ya matiti, wamweleze daktari wakiona damu. Wasiache dawa kwa uamuzi wao wenyewe.

Matibabu

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliigawa hali hiyo katika aina mbili. Ile isiyo na chembechembe zilizobadilika hugeuka saratani kwa wanawake chini ya watano kati ya 100 katika miaka 20, na hutibiwa kwa vidonge vya homoni au kitanzi chenye homoni. Yenye chembechembe zilizobadilika ni ya hatari zaidi, na mara nyingi mfuko wa uzazi huondolewa.

Aina hizo hutambuliwa kwa kuchukua kinyama kidogo cha ukuta huo na kukipima maabara. Kwa hiyo hedhi nzito isiyo ya kawaida, damu katikati ya mwezi au damu baada ya kukoma hedhi ni sababu tosha ya kwenda hospitali bila kuona haya.