Fahamu: Wakilindi na cheo cha Simba Mwene

Wakilindi ni ukoo uliotawala Usambaa na maeneo ya jirani, kwa sasa mkoani Tanga. Mtawala wao mkuu, aliyekaa Vuga, aliitwa Simba Mwene.

Walitoka wapi?

Simulizi humtaja Mbega, mwindaji kutoka Kilindi, milima ya Nguu, eneo lililokuwa Handeni hadi wilaya ya Kilindi ilipoanzishwa 2002. Nduguze walimkataa kwa kuwa alikuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza. Akaua nguruwe waliomaliza mashamba ya Wasambaa, akawagawia nyama, wakamtawaza.

Wilaya ya Korogwe inaingiaje katika habari hizi?

Simba Mwene Kimweri ye Nyumbai aliwapa wanawe maeneo ya kutawala. Alipofariki, 1862, kiti kilimwendea mjukuu wake, Shekulwavu. Ami zake hawakumtii. Mmoja wao, Semboja wa Mazinde, Korogwe ya leo, aliketi kwenye njia ya misafara na kupata bunduki kwa urahisi. Akaishambulia Vuga na kumweka mwanawe kitini. Vita hivyo viliumiza sana wanyonge, wengi wakauzwa utumwani.

Cheo kipo bado?

Utawala wa machifu ulifutwa kisheria 1963. Ukoo ungalipo, na *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kinastahili kusomwa.