Samaki wa Jamii Moja Wasioweza Kukaa Pamoja

Mwanetu wa pili alipomaliza kuhifadhi Juzuu Amma tulimwahidi zawadi, naye akachagua samaki wa mapambo. Tukaenda naye dukani, tukatoka na tangi la kioo la lita 120 na samaki wanne, kila mmoja akitosha kiganjani: oska wawili wenye madoa ya rangi ya chungwa, frontosa mmoja mwenye milia, na mmoja wa aina iitwayo Jack Dempsey, jina alilorithishwa kutoka kwa mwanamasumbwi wa Marekani. Jina hilo peke yake lilitosha kututanabahisha, lakini hatukutanabahi. Tulipouliza kama watapatana, muuzaji alitujibu: "Ustadhi, ondoa shaka. Hawa wote ni jamii moja."

Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyotuponza.

Samaki hao wote ni wa jamii ya sikilidi, ukoo uleule wa perege na sato tunaowanunua kwa ajili ya kitoweo. Ukoo huo una aina zaidi ya 1,500, Afrika na Amerika, na undugu wao haumaanishi kwamba wamelelewa katika maji mamoja. Oska ni wa bonde la mto Amazon, ambako maji ni laini na aghalabu yana uchachu kidogo. Jack Dempsey ni wa Mexico na nchi zinazopakana nayo upande wa kusini. Frontosa ni wetu wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni magumu, yenye chumvichumvi za madini, na kipimo chake cha uchachu hukaribia 9. Kumweka frontosa na oska katika tangi moja ni kumlazimisha mmoja wao, au wote wawili, kuishi katika maji yasiyo yake. Sisi wa pwani tuna mtihani wa ziada hapo: mawe ya matumbawe tunayopenda kuyatia kwa ajili ya pambo huyeyusha chokaa kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu. Humfaa frontosa, oska hana haja nayo.

Jambo la pili lililotupita ni ukubwa. Samaki hawa huuzwa wakiwa na sentimita nne au tano, na oska anayelishwa vizuri huweza kuongezeka kiasi cha sentimita mbili kwa mwezi katika miezi yake ya mwanzo, hadi afikie sentimita 30 au zaidi. Frontosa naye hufikia kimo hicho, ila hukua taratibu mno. Kwa hiyo walioingia wakiwa sawa hawabaki sawa. Mwezi wa nne oska wetu walikuwa wamemzidi frontosa mara mbili, na sikilidi mkubwa hana hesabu nyingine juu ya mwenzake mdogo isipokuwa moja: je, anaingia kinywani?

Frontosa wetu hakuliwa. Alikufa kwa namna ambayo tungeweza kuizuia, nalo latuuma zaidi. Huko ziwani samaki huyu hukaa kwenye kina kirefu, penye mwanga hafifu, katika makundi. Ni mpole kwa umbile lake na mzito wa mwendo. Huku kwetu Jack Dempsey alikwisha kuigawa sakafu ya tangi na kujitwalia nusu nzima pamoja na jiwe la pekee lenye pango. Kila frontosa aliposhuka alifukuzwa. Siku za mwisho alisimama wima nyuma ya chujio, mapezi yamechanika, hataki chakula. Mwanetu akatuuliza, "Baba, mbona yeye hatoki?" Tukamwambia amelala. Asubuhi ya pili yake tukamkuta anaelea.

Baharini au ziwani, anayeshindwa hukimbia. Ndani ya kioo hakuna pa kukimbilia, na aliyewafungia humo ni sisi. Kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache akajitafutia, tumekwisha kukisimulia watoto mara nyingi. Usiku ule tulikikumbuka kwa namna nyingine.

Tangu hapo tumesoma na kuwauliza wafugaji wenye uzoefu, na tunayoyajua sasa tungependa mzazi mwenzetu ayajue kabla ya kwenda dukani. Aanze na tangi, asianze na samaki. Kwa sikilidi wakubwa wanaokaa kwa pamoja, tangi la urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60 ndilo tunaloliona la kuanzia. Hilo hubeba zaidi ya lita 500, yaani zaidi ya nusu tani ya maji, mbali na kioo na mawe. Meza ya chai haliwezi. Asiye na nafasi hiyo na achague samaki wadogo, wala si aibu.

Kisha achague maji, ama ya Amazon ama ya Tanganyika, asichanganye. Akipenda oska, wenzake wanaofaa ni severumu, sikilidi mtulivu anayefikia sentimita 20 hivi, na wale samaki bapa wa fedha wa Amerika ya Kusini ambao huogelea kwa kundi na hawaingii kinywani wakishakua. Mimea asiitie, maana oska huing'oa na kufukua mchanga kama kuku. Akipenda frontosa, awafuge frontosa watupu: dume mmoja na majike wanne au watano, mawe yenye mapango ya kutosha, mwanga usiwe mkali. Mbuna wa Ziwa Nyasa, ingawa maji yao yanakaribiana na hayo, tunawakataa. Ni wakorofi wasiotulia, na chakula chao kwa asili ni ukoga wa miambani, hivyo vyakula vya nyama vinavyomnenepesha frontosa huwavimbisha wao matumbo. Ama jagwa wa Amerika ya Kati, anayepita sentimita 40, huyo akae peke yake. Wapo pia wanaotamani kuhe wa Kigoma kwa kuwa ni samaki wa nyumbani. Kuhe hupita sentimita 60, na mahali pake ni ziwani.

Tangi jipya lipewe wiki nne hadi sita ili vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki vizaliane kwenye chujio, na baada ya hapo maji yabadilishwe sehemu ya tatu kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yalale siku nzima kwanza. Pampu ya hewa yenye betri iwepo kwa ajili ya siku umeme unapokatika.

Na ikitokea samaki wamemshinda mtu, asiwapeleke mtoni. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, ambao nao ni sikilidi, zilitoweka humo. Samaki wa kigeni hutafutiwa mfugaji.

Ndivyo tulivyofanya kwa Jack Dempsey na oska mmoja. Aliyebaki ana sentimita 28 na anaishi katika tangi la pili, lililotugharimu kuliko tulivyomwambia mama watoto mwanzoni. Severumu watatu watakaokuwa wenzake tunawalea katika lile la lita 120 hadi wakue wasimezeke. Kila Ijumaa baada ya swala mwanetu huweka rula juu ya kioo, akaandika vipimo vyao daftarini.