Vyungu vya Mexico: rangi ina bei, risasi haina wa kuipima

Soko la Tonalá, pembeni mwa Guadalajara, lina siku zake mbili, Alhamisi na Jumapili, na anayenunua kwa jumla anazijua. Meza hujaa barabarani tangu asubuhi, sahani zimepangwa juu ya sahani na katikati yake magazeti ya zamani, vyungu vya maharage vimefunikwa midomo chini. Mnunuzi mzoefu haanzi na maua yaliyochorwa. Hukiinua chombo kwa ncha za vidole, akakigonga kwa kifundo. Kikilia kama kengele, kimeiva. Mlio ukiwa mfu, kina ufa au joko halikupata moto. Hapo ndipo bei huanza kuzungumzwa.

Madini ya risasi hayagundulikani kwa kugonga, na hayo ndiyo yanayoisumbua biashara hii leo.

Asili yake inajulikana. Wafinyanzi wa Mexico walikuwa mafundi karne nyingi kabla ya Wahispania, lakini utando wa kioo unaong'aa juu ya udongo uliletwa na Wahispania katika karne ya 16. Ule wa bei nafuu hutokana na oksidi ya risasi, ambayo mafundi huiita greta. Sifa yake ni kuyeyuka kwa moto mdogo, chini ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, moto ambao joko la kuni la uani linaumudu. Hutoa mng'aro mzito unaovutia macho. Tatizo ni kwamba moto huo mdogo mara nyingi hauifungi risasi yote ndani ya kioo. Ndimu, nyanya, siki, hata maharage yaliyochemka jikoni kwa saa nyingi, huitoa na kuipeleka tumboni. Msomaji wa Mombasa anayekumbuka yaliyowapata watu wa mtaa wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na risasi, hahitaji kuelezwa inavyoumiza watoto.

Mfanyabiashara mmoja wa jumla anayepeleka mizigo California, aliyeomba jina lake lihifadhiwe, ana malalamiko marefu. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1986 inamtaka muuzaji amuonye mteja kuhusu kemikali zenye madhara, risasi ikiwamo, na wenye maduka wanaogopa kushtakiwa. Kwa hiyo wanadai cheti cha maabara, na gharama ya cheti, anasema, inamwangukia yeye. Akirudi kwa mfinyanzi kutaka chombo kisicho na risasi, huambiwa bei imepanda: unga wa kioo wenye boroni lazima ununuliwe mjini, unataka moto mkali zaidi na ulio sawasawa, na joko la kuni haliwezi daima kuutoa. La gesi ni mtaji ambao mfinyanzi hana. Halafu, na hapa sauti yake hupanda, mshindani wake hununua sahani zenye greta, akazibandika karatasi yenye maneno sin plomo, yaani hazina risasi, akauza kwa bei ya chini. Kwa maelezo yake, anayefuata sheria ndiye anayefilisika.

Malalamiko hayo yana ukweli mwingi, ingawa alipoulizwa mzigo wake mwenyewe hupimwa mara ngapi, jibu lilikuwa fupi sana.

Ofisa mmoja wa afya upande wa Mexico anajibu kwa kutaja miaka. Kuna kanuni ya 1993 inayoweka kikomo cha risasi inayotoka kwenye vyombo vya udongo, ikaja ya 2002, ikaja ya 2016. Kwake orodha hiyo ni ushahidi kwamba tatizo linashughulikiwa. Kwa anayetazama karakana zilizoko ndani ya nyumba za watu, watoto wakicheza karibu na ndoo ya greta, kanuni ni tatu na joko ni lile lile. Mwaka 2010 mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa chakula ililazimika kutoa tahadhari kwamba baadhi ya vyombo vya Mexico vilivyoandikwa havina risasi vilikutwa nayo. Si lazima iwe ni ulaghai. Joko lililochoma greta kwa miaka lina risasi kwenye kuta zake, na brashi na ndoo pia, kwa hiyo hata fundi mwaminifu aliyebadili malighafi anaweza kuuza sumu bila kujua.

Si kwamba hakuna waliobadilika. Katika jimbo la Michoacán, baadhi ya karakana za Capula na Santa Fe de la Laguna zimeacha greta na zinauza. Ila wateja wa vijijini, ambao ndio wengi, bado wanataka chungu kinachong'aa kwa bei ya zamani, na hao hawaombi cheti.

Wakusanyaji wana hesabu nyingine. Tangu maonyesho ya sanaa za jadi ya mwaka 1921 mjini Mexico City, vyombo hivi vimehesabiwa kuwa sanaa, na Wamarekani wamevinunua kwa wingi. Sahani ya zamani ya Tonalá ya mtindo wa petatillo, iliyojazwa mistari myembamba iliyopishana, kila mmoja umechorwa kwa mkono, hupanda bei kadiri inavyobaki nzima. Talavera ya Puebla ina jina linalolindwa kisheria na iliingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO mwaka 2019. Ya kweli husainiwa chini ya kitako. Kanuni za Marekani zinataka chombo cha pambo kinachofanana na cha kulia kiwe na onyo lisilofutika, au kitobolewe. Mkusanyaji husikia neno tundu akashika kichwa, kwa kuwa chombo kilichotobolewa hushuka bei papo hapo.

Vyombo visivyo na utando vina taratibu zake. Udongo mweusi wa San Bartolo Coyotepec, Oaxaca, husuguliwa kwa jiwe mpaka ung'ae, hautumii greta, lakini hauhifadhi maji. Wa Mata Ortiz, Chihuahua, ni wa kutazamwa tu.

Je, nyumbani mtu apime vipi? Vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani huonyesha risasi iliyo juu juu. Vikikataa kubadilika rangi, havijathibitisha usalama. Maabara hujaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha hupima kilichotoka. Marekani huruhusu miligramu 0.5 kwa lita kwenye kikombe au jagi, na 3 kwenye sahani bapa.

Miaka ijayo haitabiriki. Huenda gesi ikashuka bei, huenda maduka makubwa yakashinikiza zaidi, na huenda yote hayo yakaishia kwenye karatasi za kubandika. Kwa Mswahili wa Houston au Los Angeles anayekiona chungu kizuri kwenye soko la mitumba, ushauri ni huu: muulize muuzaji kimechomwa joko gani na cheti kiko wapi. Akibabaika, kinunue kwa bei ya pambo, kitundike ukutani, na maharage yapike kwenye sufuria.